Siku moja kutoka Dar: Bagamoyo, Unguja, Mbudya, Morogoro au Mikumi?

Uko Dar es Salaam, umepata Jumamosi moja ya kupumua, na unataka kutoka mjini kisha urudi ulale kwako. Wengi huanza kwa kuuliza wapi kuzuri zaidi. Mimi huuliza kwanza nitakaa huko saa ngapi kabla ya kugeuza. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ina saa za njiani na saa za kutembea, na matembezi mengi huharibika kwa sababu mtu alihesabu kilomita akasahau foleni ya Kimara, ukaguzi wa bandarini, na kusubiri Coaster ijae. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kipimo changu cha kwanza ni saa. Cha pili ni watu unaotembea nao: bibi wa miaka sabini na kijana wa chuo hawawezi kupelekwa mahali pamoja kwa mpango mmoja.

Historia: Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Unguja?

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar, na ni lami mwanzo hadi mwisho. Coaster zinatoka Makumbusho mchana kutwa. Foleni ya Tegeta na Bunju isipokukamata, ndani ya saa mbili umeshashuka stendi. Ukiondoka saa moja asubuhi unapata saa sita nzima za kuzunguka bila kukimbizana na mtu, na gari la kurudi halina tiketi ya kuwahi. Ukitoa visiwa vya jirani, sijui safari nyingine inayokupa muda mwingi kiasi hicho kwa nauli ndogo namna hiyo.

Anzia Kaole kabla jua halijawa kali. Magofu yako kama kilomita tano kusini mwa mji. Bodaboda au bajaji inakufikisha. Msikiti wa zamani zaidi hapo unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na kuuzunguka kuna makaburi ya watu waliofanya biashara kupitia Bahari ya Hindi kabla Mreno hajaijua njia ya huku. Usipite haraka penye kaburi la nguzo. Sogea karibu uone jinsi ukuta ulivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kisha utazame vile vishimo vya mviringo kwenye nguzo: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mtu aliyezikwa hapo alikuwa na uwezo, na jamaa zake walitaka kila mpita njia alijue hilo.

Kutoka Kaole nenda Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Unaingilia kwenye njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, na kivuli chake peke yake kinatosha kukupumzisha. Kuna mbuyu wenye mnyororo. Husimuliwa kuwa bibi mmoja wa misheni alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mti umekua ukaumeza, kimebaki kipande kidogo tu kimechungulia nje ya gome. Watoto huupenda mbuyu huo kuliko makumbusho yote, nami siwalaumu.

Mnara wa kanisa la kale ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake wa safari, Chuma na Susi wakiwa mbele, wakaubeba mwili ule kwa miguu miezi mingi hadi pwani. Ukisimama chini ya mnara ule, waombee hao wabebaji kwanza. Majina yao yanastahili kutajwa kwa sauti ileile linalotajwa la Livingstone.

Mji wenyewe una Ngome Kongwe, Boma ya Mjerumani, na nyumba za milango ya nakshi zinazoelekea baharini. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na kabla ya hapo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakuwa huru.

Upungufu wake nausema wazi. Nyumba nyingi zimebomoka, vibao vya maelezo ni vichache, na asiye na kiongozi wa kumwelezea ataona kuta tu. Mtafute kiongozi mwenye kitambulisho kwenye ofisi za mambo ya kale, mkubaliane bei kabla hamjaanza kutembea. Fedha hiyo ndiyo inayotenganisha siku ya maana na siku ya kupiga picha za magofu.

Unguja sasa. Boti za haraka kutoka Dar huchukua kama saa mbili, wakati mwingine pungufu. Lakini hizo si saa zote. Unatakiwa kuwa bandarini mapema, ukiwa na kitambulisho chako, upite ukaguzi, upange mstari, na kurudi ni vilevile. Boti ya mwisho ya kuja Dar huondoka alasiri. Ukipanda ile ya kwanza ya asubuhi, unabakiwa na saa tano hivi za kukanyaga Mji Mkongwe. Zinatosha kwa mzunguko mmoja mzuri, hazitoshi kwa viwili.

Mzunguko ninaoupendekeza ni huu: toka bandarini Malindi, pita Soko la Darajani unuse karafuu na mdalasini, kisha nenda Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa la Anglikana likajengwa juu ya uwanja huohuo. Ndani ya kanisa kuna msalaba mdogo wa mbao uliotokana na mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kule Chitambo. Aliyetoka kuuona mnara wa Bagamoyo akifika mbele ya msalaba huu anaelewa mara moja kwamba miji hii miwili ni sura mbili za habari moja: msafara uliishia Bagamoyo, jahazi likavuka, mnada ukafanyika Mkunazini. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu ambaye hajafika kokote kati ya hapo ni aanze Bagamoyo, Unguja ifuate. Akianza Unguja ataanzia mwisho.

Kutoka Mkunazini penya vichochoroni hadi Ngome Kongwe na Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa mwaka 1883, utaitazama kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na unyoofu unanilazimisha kusema kwamba kwa uzuri wa macho Bagamoyo haigusi hapo. Vichochoro vinaishi: watu wanacheza bao barazani, kahawa inapita, adhana inaita, na mlango wa mtu una nakshi ambazo ungetozwa kiingilio kuzitazama kwingine.

Tatizo la Unguja ya siku moja ni kwamba unaondoka wakati inapoanza kupendeza. Forodhani ya vyakula huamka jua likizama, na wewe saa hiyo uko katikati ya bahari. Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, kinataka boti nyingine, na muda wake utautoa kwenye mji. Fukwe za mbali za Nungwi na Paje usizifikirie kabisa kwa siku moja. Na papasi, wale vijana wanaojitolea kuongoza wageni kwa malipo, watakufuata kuanzia getini. Mwenye mpango wake kichwani hujibu kwa upole na kuendelea kutembea.

Kama bajeti yako inaruhusu kulala usiku mmoja, Unguja inaishinda Bagamoyo bila ubishi. Kama ni lazima urudi leo, na mna mzee au watoto wadogo, naichagua Bagamoyo: gari linafika karibu na kila kitu, hakuna mawimbi, na mtu akichoka mnakaa chini ya mwembe bila kutazama saa. Mawimbi si jambo dogo. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma, na mkondo wa Unguja hutikisa hata boti kubwa. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, usijaze tumbo kabla ya safari, na tangawizi ya kutafuna iwe mfukoni.

Jambo moja kwa miji yote miwili: ni miji ya Waislamu wenye kushika dini. Vaa nguo ya kusitiri mabega na magoti unapotoka ufukweni. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na kula barabarani ni kukosa adabu, hivyo siku yako itakuwa na njaa usipopanga mapema.

Bahari tu: Mbudya au Bongoyo?

Hapa sitachukua muda mrefu, maana visiwa hivi viwili ni ndugu. Vyote vimo katika maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam, yaliyotangazwa mwaka 1975, na vyote vina kiingilio juu ya nauli ya boti. Mbudya unaiendea kutoka upande wa Kunduchi na Mbezi Beach, na dakika chache tu umefika. Bongoyo unaipandia Msasani, mwendo wa kama nusu saa.

Wenye kupenda watu, muziki, samaki wa kukaanga na chipsi waende Mbudya. Wenye kutaka utulivu na kutembea kidogo msituni waende Bongoyo, ikiwezekana siku ya kazi. Samaki agiza mara tu unapofika, kabla hujavua viatu, kwa sababu mwisho wa wiki foleni ya jikoni ni ndefu na njaa ya baharini haina subira. Uliza bei kwa kilo kabla samaki hajapelekwa motoni.

Angalia kalenda ya maji. Siku za bamvua bahari hutoka mbali, na ukifika maji yamekupwa utatembea juu ya mawe badala ya kuogelea. Maji yakiwa yanajaa kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, siku hiyo ni yako. Usikanyage matumbawe, yaliumizwa vya kutosha na miaka ya uvuvi wa baruti, na yanayopona yanapona polepole sana. Kwa mzee mwenye magoti mabovu sishauri, maana boti nyingi hazina gati: unashuka majini, viatu mkononi, nguo imekunjwa hadi magotini, na wimbi likija unalipokea.

Mlima au wanyama: Morogoro na Mikumi

Safari hii ndiyo iliyobadilika kuliko zote. Juni 2024 treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, nauli ya daraja la kawaida ikiwa Sh 13,000 wakati huo, na safari iliyokuwa ikila saa nne au tano za basi kwa sababu ya Mbezi, Kibaha na malori ya Chalinze sasa haifiki saa mbili. Hilo limeifanya Morogoro kuwa jirani yetu. Kata tiketi siku kadhaa kabla, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, maana ya Jumapili jioni ndiyo ngumu zaidi kupata. Kitambulisho usikisahau, fika stesheni mapema, na kumbuka kwamba stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, hivyo weka nauli ya bajaji au daladala.

Ukishafika, una njia mbili.

Ya kwanza ni Milima ya Uluguru. Kutoka mjini unapanda kuelekea Morningside, kwenye jengo la enzi za Mjerumani, au kijiji cha Choma na maporomoko yake. Lipia kibali, chukua kiongozi, kisha tembeeni. Mnapopanda mtapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka na ndizi, karoti na maua vichwani, kwa mwendo ambao wewe mwenye begi dogo la mgongoni huwezi kuufuata hata mteremkoni. Wasalimie, wapishe njia. Kila baada ya kona hewa inabadilika. Dar uliyoiacha asubuhi na jasho lake inakuwa habari ya mbali, na ukigeuka nyuma mji wote wa Morogoro umelala chini yako. Vaa viatu vyenye meno. Udongo ule ukilowa unateleza vibaya, na kushuka ndiko kunakoangusha watu. Alasiri rudi mjini upitie Soko Kuu la Chifu Kingalu ununue mboga na matunda ya mlimani, kisha stesheni.

Ya pili ni Mikumi, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo safari inayouzwa sana siku hizi kama ya siku moja. Inawezekana. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati yake. Kutoka Morogoro ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari. Sasa piga hesabu: treni ya kwanza, kisha gari lililokodiwa, kisha malipo ya getini, ambayo ni ya mtandao na kadi, si fedha taslimu. Unaingia porini saa tano asubuhi ikiwa kila kitu kimeenda sawa, na saa tisa alasiri unatakiwa uwe unatoka ili uwahi treni. Saa hizo ndizo wanyama wanajificha kivulini. Utaona twiga, pundamilia, swala, nyumbu na nyati katika uwanda wa Mkata. Tembo karibu kila mara. Viboko bwawani kwao hawana pa kwenda. Simba ni bahati, na saa saba mchana bahati hiyo ni ndogo.

Kwa hiyo aliye na siku moja tu nampeleka Uluguru. Atakuwa na saa sita za kutembea, gharama yake ni ndogo, na atarudi ameona kile alichokifuata. Aliye na siku mbili alale Morogoro au mji mdogo wa Mikumi, aingie hifadhini geti linapofunguliwa alfajiri, atoke kabla jua halijawaka. Tofauti ya wanyama wa saa kumi na mbili asubuhi na wa saa saba mchana ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya gesti.

Isipokuwa kwa kundi moja: watoto ambao hawajawahi kumwona tembo nje ya picha. Hao hata Mikumi ya mchana wa jua kali inawatosha kabisa. Mkiwa familia mbili au watu wa ofisi moja, kodini gari kwa pamoja, maana gharama ya gari na kiongozi ndiyo kubwa. Kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na anachotozwa mgeni kutoka nje. Wavalisheni watoto nguo za rangi ya mchanga au kijani iliyopauka. Mbung'o wa Mikumi hufuata rangi ya bluu na nyeusi, na wakiuma mtoto atalikumbuka hilo kuliko tembo.

Na kwa asiye na fedha ya hifadhi: basi lolote la mchana la Iringa au Mbeya linapita humo. Kaa dirishani. Kutoka Doma hadi mji wa Mikumi utaona swala, nyani, mara nyingi twiga na hata tembo karibu na lami, bila kulipa zaidi ya nauli. Haitakuwa safari ya hifadhi, ila ukiwa unaenda nyumbani Iringa mwisho wa mwaka usilale kipande hicho cha njia.

Nusu siku: Pugu

Wengi hawaihesabu Pugu kama matembezi kwa sababu daladala inafika. Ni kosa. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, una vijia vya kutembea na ndege wengi, na kuna mahandaki ya zamani ya kuchimba udongo wa kaolini ambamo popo hutoka kwa wingi jioni inapoingia. Jirani yake iko shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Toka nyumbani saa moja asubuhi, saa nane umerudi. Nenda na mwenzako au na askari wa misitu, usiingie peke yako.

Miezi

Kalenda nayo ina neno lake. Masika, Machi hadi Mei, njia za ndani Mikumi hujaa matope na gari la chini hukwama. Uluguru nayo huteleza kupita kiasi. Miezi hiyo Bagamoyo ndiyo salama, kwa kuwa mvua ikishuka una Misheni na makumbusho yake ya kujikinga, na ikikatika unaendelea. Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, acha boti ya Unguja kama tumbo lako halivumilii, upande treni: Morogoro ina baridi ya kupendeza na mlima umekauka. Septemba na Oktoba nyasi za Mkata zimepungua, maji ni machache, na wanyama hukusanyika yalipobaki, kwa hiyo fedha ya Mikumi itunze kwa ajili ya miezi hiyo. Visiwani Mbudya na Bongoyo mimi huenda Desemba hadi Februari. Kaskazi inapovuma joto la Dar halivumiliki, lakini maji ya bahari huwa safi, na boti ya asubuhi inakutoa mjini kabla lami haijaanza kuchemka.